Mstari Aliouzima Amponsah

Yaw Amponsah hakupenda kutumia vya wenzake. Pale Kumasi waandishi wengi wa programu za kompyuta kwa lugha ya PHP huchukua ghala lililo tayari, wakalipachika, wakaenda zao kula waakye, wali wao wa kunde. Yeye alijiandikia lake. Kwa watu wa kazi hiyo, ghala ni ile sehemu ya programu inayotoa kitu kizima kwenye hifadhi na kukirudisha kikiwa kizima. Katika hospitali ndogo aliyoifanyia kazi, kitu hicho kilikuwa faili la mgonjwa: jina, uzito, dawa anazotumia na dawa zinazomdhuru, vyote pamoja, havitenganishwi.

Kazi ilikuwa safi, tusimnyime haki yake. Kila faili lilikuwa na namba, na namba ilipanda kila lilipohifadhiwa. Watu wawili wakilifungua faili moja kwa pamoja, wa kwanza akahifadhi, wa pili alikataliwa: faili limebadilika, lifungue upya.

Wauguzi waliuchukia ujumbe huo.

"Injinia, mashine yako ina kiburi," Sista Pokuaa alimwambia. "Nimeandika ukurasa mzima, inaniambia nianze upya. Foleni imefika getini."

"Nitaishughulikia, Sista."

"Ulisema hivyo juzi. Au na wewe una foleni?"

Ijumaa moja wenye hospitali walikuwa wanakuja kuikagua kazi. Amponsah akauzima mstari wa programu uliolinganisha namba hizo, juu yake akaandika: nitaurudisha Jumatatu. Lilikuwepo pia jaribio, kijiprogramu cha kuhakikisha kuwa ghala linakataa mafaili yaliyopitwa. Likaanza kulalamika, akalizima nalo. Ujumbe ukatoweka. Pokuaa akamletea soda ya baridi na kumwita kaka. Jumatatu ikaja, ikapita, na nyingine nyingi nyuma yake.

Mwezi wa tatu tangu hapo mwashi mmoja alidungwa penisilini akavimba uso mpaka macho yakafumba. Alipona, lakini mkewe aliapa kwamba walimweleza Sista Pokuaa kuwa dawa ile inamdhuru, na walimwona akiandika. Pokuaa naye alisema aliandika. Matroni akawaita Pokuaa na Amponsah ofisini.

"Kwenye faili hakuna kitu, Matroni," Amponsah alisema. "Mashine haisahau. Wanaosahau ni watu."

"Niliandika, kaka Yaw," Pokuaa alisema. "Hebu tazama vizuri."

"Nimetazama, Sista."

Alikuwa ametazama faili la mgonjwa. Ghala lake mwenyewe hakulitazama, wala haikumpitia akilini kulitazama, maana mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake hapendi kuulizwa kama inavuja. Pokuaa aliondolewa wodini, akapelekwa chumba cha shuka.

Wiki sita baadaye Amponsah alikuwa akiliweka ghala lilelile katika zahanati moja. Akayawasha majaribio yote. Moja likagoma. Alipolifuata akakutana na maneno yake mwenyewe: nitaurudisha Jumatatu. Akaona aibu hata kabla hajajua sababu yake. Akafungua kumbukumbu za mashine ya hospitali, ambazo zilikuwepo siku zote. Pokuaa alilihifadhi faili la mwashi saa tatu na dakika kumi. Mpima uzito, aliyelifungua faili kabla Pokuaa hajahifadhi, alihifadhi dakika mbili baadaye, na faili lake la zamani likalifunika la Pokuaa lote.

Kuurudisha mstari kulimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angejua. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta asubuhi nzima akilikumbuka lile neno lake, mashine haisahau, na kila alipolikumbuka alitamani ardhi ipasuke immeze. Mchana akaenda chumba cha shuka, akamweleza Pokuaa yote bila kuketi.

Pokuaa aliendelea kukunja mpaka shuka ikaisha.

"Kwa hiyo niliandika."

"Uliandika, Sista. Mimi ndiye niliyefuta. Nakwenda kumwambia Matroni sasa hivi."

"Matroni atangoja." Akaketi juu ya furushi la mablanketi. "Mama yangu alianza hivihivi, akiwa na umri wangu huu. Kusahau, na kuapa kwamba hakusahau. Uliposema yale maneno, nikajua zamu yangu imefika. Nimempeleka mwanangu kwa dada yangu huko Sunyani, nisije nikamsahau ndani ya beseni la maji."



Pokuaa akatoa simu mfukoni, akatafuta namba, akamnyooshea. "Mweleze dada yangu anirudishie mtoto. Mimi nikimwambia sijawahi kusahau, ataona ndiyo ugonjwa wenyewe."

Amponsah akaipokea simu kwa mikono miwili. Ikaanza kuita, naye akawa anaomba moyoni isipokelewe.