Mlango Aliouchagua Bi Moza

Kijiji kizima cha Bweni kilijua kwamba Abdulhamidu, mfanyabiashara wa nazi, ana wake wawili na anajitahidi kuwafanyia uadilifu. Akinunua kanga, doti mbili za rangi moja. Akileta samaki, mafungu sawa. Watu wakimsifu msikitini, naye akitabasamu.

Sifa hizo zilimchoma Moza, mama Luqmani, bi mkubwa. Sawa kwa sawa ya nini? Yeye ndiye aliyebeba nazi kichwani wakati bwana hana hata baiskeli. Zulfa kaja juzi, kakuta kitanda kimetandikwa, kajilalia zake. Halafu wanapimiwa kibaba kimoja! Wivu ulimkaa Moza kooni kama mwiba wa changu, haumezeki wala hautemeki.

Mwaka huu Abdulhamidu akaamua kutia milango ya kioo sebuleni, nyumba zote mbili. Akamleta Costantine, fundi wa aluminiamu kutoka Kilindoni, kisha akasema mbele ya wake zake: “Mama Luqmani ndiye mkubwa. Achague yeye, na atakachochagua ndicho kitakachowekwa kote.”

Moza akamvuta fundi pembeni amweleze.

“Kuna wa slaidi, mama,” akasema Costantine. “Kioo kimoja kinateleza nyuma ya kingine, kwa hiyo unafunguka nusu tu. Kwa nyumba hii iliyo ufukweni, huo ndio unaokufaa. Halafu kuna wa kukunja. Vioo vyote vinajikunja pembeni, sebule inabaki wazi kabisa. Ila vinatokeza nje, vinakula baraza.”

Moza masikio yakamsimama. Baraza ya Zulfa ilikuwa kijibaraza tu, na hapo ndipo aliposhonea kofia na mashoga zake, vicheko vikimfikia Moza jikoni. Vioo vikitokeza pale, watakaa wapi, juu ya paa?

“Tia wa kukunja.”

“Lakini mama, hapa kwako mchanga…”

“Fundi! Umeambiwa nani anachagua?”

Costantine akachomoa futi yake, akapima.

Milango ikaja imevishwa magodoro, na kwa barabara ile ya Bweni, kufika bila ufa ilikuwa rehema ya Mungu. Upepo wa kaskazi ukaanza kuvuma. Kila Moza alipokunja vioo, mchanga uliingia kwenye zulia, kwenye makochi, mpaka kwenye wali. Akaufunga mlango kutwa. Sebule ikawa tanuri, naye akavumilia, maana huko kwa mwenziwe baraza imekwisha, alhamdulillahi.

Siku moja, siku ya zamu ya Moza kukaa na mume, bwana akachelewa chakula cha mchana. Moza akajitanda ushungi, akaenda kwa Zulfa eti kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Uongo mtupu. Alitaka kuiona ile adha kwa macho yake.

Adha iko wapi? Zulfa alikuwa amekunja vioo vyote, akatandika mkeka kutoka sebuleni mpaka barazani, pamekuwa chumba kimoja kikubwa. Minazi imezuia mchanga, upepo unapita taratibu. Na katikati ya mkeka, Abdulhamidu anakoroma.

Roho ya Moza ikapasuka.

“Karibu, dada,” Zulfa akanong'ona, akiinuka kwa adabu. “Bwana alipita mara moja tu, akasema ajinyooshe kidogo, usingizi ukamchukua. Anasema kwako siku hizi joto.” Akamshika mkono. “Wala sijakushukuru. Ningeachiwa mimi, ningetaka wa slaidi. Kila anayeingia hapa namwambia, mlango huu kanichagulia dada yangu.”

Moza akamkazia macho, akitafuta kejeli. Angalau angeona kejeli angepata pa kuanzia ugomvi! Wapi. Zulfa alikuwa anashukuru kweli.

“Utumie kwa afya,” akasema Moza.

Akarudi bila mbuzi. Akafunua kawa, akala chakula cha watu wawili peke yake, jasho likimtiririka, na kila tonge akililaani jina la fundi.