Tatu: Sikwenda Italia kupigwa picha

Saa moja asubuhi, Mikindani. Tatu Ismaili (43) yuko juu ya ngazi, anabandua saruji kwenye ukuta wa nyumba ya kale kwa patasi. Mpita njia anasimama, anamtazama, kisha anauliza kama mafundi wamekwisha mjini.

"Fundi ndiye mimi," anajibu bila kugeuka. "Ukitaka mwingine, kamtafute."

Tatu hukarabati nyumba za kale za mawe ya matumbawe kwa chokaa, kazi aliyofundishwa na mjomba wake miaka 19 iliyopita. Haimtajirishi. Mwaka juzi alipata kazi kwa miezi minne tu. Iliyobaki alilima muhogo kijijini Ziwani.

Mwaka jana shirika moja la kuhifadhi majengo lilimpeleka Gallipoli, mji wa kale wa pwani kusini mwa Italia, kwa wiki tatu. Sehemu yake ya zamani iko kisiwani, unaingia kwa daraja.

"Nilidhani nitakuta makumbusho, nikakuta watu," anasema. "Nguo zimeanikwa, bibi anamenya vitunguu mlangoni, nyumba ina miaka mia nne. Nikajiuliza, mbona kwetu ya miaka mia na hamsini tunaiita gofu?"

Siku mbili za kwanza aliwekewa kiti kivulini, apigwe picha akitazama mafundi. Siku ya tatu alikataa kukaa. Alipanda jukwaa la ujenzi, akamwonyesha fundi mkuu, mzee Cosimo, viganja vyake vyenye sugu, kisha akaomba mwiko kwa ishara.

"Hatukuelewana hata neno moja, lakini chokaa tuliijua wote. Nikapiga lipu hadi adhuhuri. Akaupapasa ukuta, akacheka. Kesho yake akaniachia chumba kizima."

Aliporudi alikuta Faraji Nassoro, mwenye nyumba hii, ameagiza greda lije kuibomoa ili ajenge fremu za maduka. Majirani walimsihi Tatu asiingilie mali ya mtu. Hata hivyo akamwendea Faraji.

"Nilimwambia, 'Mzee, nyumba yako haijachoka. Imevishwa saruji, unyevu hauna pa kutokea, unaila kwa ndani. Nipe ukuta mmoja mpaka mvua zikatike. Ukilowa, sururu ya kwanza nitapiga mimi.'"

Faraji anakiri alikubali ili tu aondoke mlangoni kwake. "Nilijua mvua itamuumbua," anasema.

Mvua zilianza Desemba. Aprili, Faraji aliingia ndani na kupapasa kuta zote. Zenye saruji zilikuwa zimelowa, zinamomonyoka. Ule mmoja ambao Tatu aliubandua saruji na kuupiga lipu ya chokaa ulikuwa mkavu. Siku hiyohiyo alifuta safari ya greda na kumkabidhi nyumba yote.

Jumatatu ijayo wanawake wawili wa mtaa wa Rahaleo, Irene na Raheli, wanaanza kujifunza kazi kwake. Tatu ameshawachagulia nyumba tatu za mtaa wa nyuma, ingawa wenye nyumba hizo bado hawajamruhusu.

"Nitawaomba," anasema, akisogeza ngazi. "Wakikataa, nitarudi mvua zikianza, waniambie hayo wakiwa wamekinga ndoo sebuleni."