Nilidanganya Kwamba Mbwa Wangu ni Mkali

Admin, jina langu lisionekane, maana mtu ninayemzungumzia naye anaperuzi humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, fundi cherehani hapa Maili Moja, Kibaha. Nimepanga chumba kimoja na sina mume, ila hilo silo nililokuja kuombea ushauri leo, kwa hiyo wale wa "ndiyo maana" wapumzike kwanza. Najua pia wapo watakaosema watu wana shida za maana na mimi naleta habari za mbwa. Semeni, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Mwaka jana nilikwenda Kisarawe kwa dada yangu kumpelekea sare za shule za wanawe. Jirani yake kuna nyumba iliyoishia kwenye lenta, haina paa, mafundi walishaondoka siku nyingi, na kwenye nguzo waliacha mbwa amefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Waya ulishazama shingoni. Dada akaniambia, "Achana naye, mdogo wangu, huyo wa kufa tu." Mimi nina ubishi wa kuzaliwa nao. Nikaukata ule waya kwa mkasi wangu wa vitambaa, mkasi ukaharibika, nikamtia mbwa kwenye kiroba na kukodi bajaji mpaka nyumbani. Nikamwita Popi.

Popi ni mwoga jamani, mwoga hasa. Mwanamume akikohoa uani, yeye anajikojolea. Chakula hali mpaka nimpe mgongo. Miezi mitatu alikaa chini ya cherehani, na siku aliyoweka kichwa juu ya mguu wangu niliacha kushona, nikakaa hivyo hivyo mpaka mteja akanigombeza. Kubweka sijamsikia hata mara moja. Nampenda yule mbwa, nasema wazi, anayetaka kucheka acheke.

Baba mwenye nyumba ni Mwislamu, mzee mstaarabu, alinivumilia kuliko wengi wenu mngevumilia. Lakini dada yake mkubwa alikuwa anahamia kwetu. Akaniita akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mnyama wako. Lakini uani ndipo tunapotawadhia, na dada yangu ni mtu mzima, hawezi kuwa anamkwepakwepa mbwa kila akitoka. Mtafutie mahali mwezi huu." Alikuwa na haki.

Nilitafuta. Kanisani, kwa wateja, buchani, hadi Gwata kwa wenye mashamba. Wote swali lao moja: "Mkali?" Nikisema hapana, ni mpole, mtu ananiangalia kama namuuzia cherehani isiyo na sindano. Huku kwetu mbwa ni mlinzi, asiyelinda anakula bure. Zilipobaki siku nne, mteja mmoja akaniunganisha na kaka anayefuga kuku kule Mbwawa, anaibiwa kila mara. Akauliza lile lile. Nikamjibu, "Mkali kupita kiasi, kaka. Hataki mtu amsogelee." Kusogelewa kweli hataki. Jina nikamwambia anaitwa Simba.

Hapo ndipo penye kosa langu, na siwezi kusema sikujua. Nimezaliwa huku, najua mbwa mkali anavyotunzwa. Anafungiwa kwenye banda la mbao lisilo na dirisha tangu alfajiri mpaka giza liingie, haoni watu, haongeleshwi, chakula kinasukumwa kwenye tundu, ili asizoee mtu. Nilijua, nikamkabidhi, nikarudi nyumbani nikasugua ua wote kwa sabuni. Mzee akanishukuru sana.

Baada ya wiki tatu nikaenda kumwona. Yule kaka akanipokea kwa furaha. "Dada, ulisema kweli. Huyu anakwaruza mbao kutwa nzima, hasira tupu. Siku nyingine hata chakula hagusi." Nikachungulia kwenye tundu. Popi alikuwa amejikunja pembeni kabisa, pua imechubuka, mbavu zinahesabika. Nikamwita kidogo tu kwa jina lake. Mkia ukagonga ubao mara moja.

"Usimwongeleshe," kaka akaniambia taratibu, "utamharibu."

Wala si mtu mbaya, nisimsingizie. Anafanya kile ambacho mtu yeyote wa huku angefanya kwa mbwa niliyemweleza mimi. Na badala ya kusema ukweli palepale, nikamwambia, "Umemtunza vizuri, kaka." Nililia njia nzima.

Leo asubuhi amenipigia simu. Wezi wameingia tena, mbwa alikuwa amefunguliwa, akajificha chini ya vizimba vya kuku mpaka walipomaliza kazi yao. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Dada, niambie kweli, huyu mkali au si mkali? Kama mkali, nimfungie mwezi mzima bila kumtoa, atakaa sawa. Kama si mkali, nina mtu wa kumwondoa, sina chakula cha mbwa wa kukaa tu." Nikamwambia nitampigia.

Nimrudishe wapi? Dada yake baba mwenye nyumba ameshahamia, na chumba chake kiko karibu na mlango wangu. Dada yangu wa Kisarawe alikata simu kabla sijamaliza sentensi. Nikisema mkali, anarudi gizani. Nikisema ukweli, anauawa, na ni mimi niliyemtoa kwenye ule waya.

Nimjibu nini, ndugu zangu? Kama yupo kati yenu anayeweza kukaa na mbwa asiyebweka, asiyelinda, asiyejua lolote zaidi ya kuogopa, aandike hapo chini. Pole msiniandikie. Yule kaka anasubiri mpaka saa kumi na mbili jioni, na najua admin ana visa vingi vinavyosubiri kuwekwa humu. Mkikisoma hiki kesho, nitakuwa nimeshamjibu moja kati ya yale mawili.