Mindra wa Kikuubo

Mindra aliijua Kikuubo duka kwa duka, na mguu wake haukuwa umewahi kukanyaga Kampala. Ukiambiwa hivyo utadhani unatiwa changa la macho, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka kumi na tisa mumewe, Jada, alisafiri kutoka Koboko, kule kaskazini mpakani, kwenda kununua bidhaa za duka lao katika kichochoro kile ambako nusu ya Uganda hununua, na Kongo na Sudani Kusini pia. Kila akirudi, kabla hata hajavua viatu, mkewe alimwambia, "Haya, nipitishe."

Naye alimpitisha. Unaingilia juu, kwa wauza sabuni. Mkono wa kulia yuko mzee wa biskuti, ambaye hasemi na mtu kabla ya saa nne. Mbele kidogo kuna ngazi ya chuma inayopanda kwenye stoo za sukari. Kidato cha saba hakipo, kiruke. Halafu mama wa betri na tochi, anayemtukana kila mtu na kumpa kila mtu chai.

"Utanipeleka lini?"

"Mwezi ujao."

Na dukani angekaa nani? Mwezi ujao ukazaa mwezi ujao mwingine, mpaka binti yao Ritah akamaliza shule, na Mindra bado alikuwa anapitishwa Kikuubo akiwa amekaa kwenye kibao cha jikoni Koboko.

Mwezi wa tano Jada alianguka asubuhi akifungua milango ya duka. Hakuamka. Walimzika nyuma ya nyumba, watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Baada ya hapo likaja jambo ambalo Mindra hakulitarajia: jina la Jada likapotea midomoni mwa watu. Wakimtaja, walisema "marehemu", au "yule mzee wako", tena kwa sauti ya chini, kwa kumhurumia. Alitamani kumshika mtu mabega amtikise, amwambie, mtaje, alikuwa na jina! Alikuwa na kiu ya kulisikia.

Aliyelitaja bila haya alikuwa wifi yake, Night Poni, na heri angenyamaza. "Jada alikuwa ndugu yangu," alisema siku moja akichambua maharage, "lakini mwanaume anayekwenda Kampala kila wiki mbili kwa miaka kumi na tisa, wewe unafikiri alikuwa analala wapi?"

Mindra alimkata jicho. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na usiku na mchana likawa linamla. Mwishowe akapiga moyo konde. Duka lilikuwa linaishiwa bidhaa hata hivyo. Alimwachia Ritah funguo, akapanda basi. Alitaka kitu kimoja tu: ampate mtu mmoja Kikuubo aliyemjua mume wake, amsikie akimtaja.

Aliteremka Arua Park, kituo cha mabasi cha Kampala, asubuhi na kwenda kwa miguu, kama Jada alivyokuwa akienda. Hakumwuliza mtu njia. Aliteremka na umati, akapita maegesho ya teksi, na mara barabara ikawa nyembamba, na pale mbele yake palikuwa na sabuni: katoni juu ya katoni, na harufu yake ileile iliyokuwa ikija Koboko katika shati la mumewe. Mindra alisimama katikati ya njia akalia, na wachukuzi wenye mizigo kichwani walimpigia kelele apishe.

Mzee wa biskuti alikuwepo, kanuna. Ngazi ya chuma ilikuwepo; alikwenda mpaka pale akahesabu, na kidato cha saba hakikuwepo. Alicheka peke yake. Basi hakuwa amemdanganya.

Lakini watu je? Alianza kuuliza. Unamjua Jada wa Koboko? Mrefu, kofia nyeusi? Muuza sabuni alitikisa kichwa. Mzee wa biskuti hakuinua hata macho, maana saa nne ilikuwa bado. Mama wa betri alimtukana, akampa chai, akasema humu wanapita watu elfu, yeye atamjuaje Jada. Aliuliza kwenye unga, kwenye sukari, kwenye pipi na mishumaa. Jada? Hapana. Jada nani? Kufikia adhuhuri alikuwa ameufikia mwisho wa kichochoro na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kulisikia jina hilo. Maneno ya Night Poni yakamrudia. Mtu ananunua mahali miaka kumi na tisa na hajulikani? Alikuwa akifanya nini basi, na wapi?

Alinunua bidhaa zake kwa moyo mzito, maana duka halijui msiba. Mchukuzi mmoja, Lemi, mtu wa Aru, Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, alimfungia magunia kwa kamba, akachomoa kalamu ya wino mzito. Humo Kikuubo mzigo hauondoki bila kuandikwa: mji unakokwenda, na jina la mtu atakayeupokea huko. Wachukuzi hawana haja ya kujua zaidi. Yeyote anayekuja na magunia yale, wanamwita kwa jina lililo juu yake.

"Mama, mzigo inaenda wapi?"

"Koboko."

"Jina?"

"Mindra."

Lemi aliinua kichwa. "Mindra ya Koboko? Hapana, mama. Hiyo jina iko na mwenyewe. Mwanaume, murefu, na kofia yake nyeusi. Hiyo mutu iko wapi? Tangu Pasaka sisi hapana ona yeye."

Mindra alilitazama gunia. Miaka yote ile alikuwa akipokea mizigo yenye jina lake, na hakuwahi kufikiri kwamba kule ilikotoka kuna mtu anatembea akiitwa hivyo.

"Yeye alikuwa analala wapi?" aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Mindra? Hapa, stoo, na sisi, juu ya magunia. Anasema loji ni ya watu hawana bibi." Lemi alicheka. "Hiyo mutu! Asubuhi anatembea njia yote, pole pole, anaangalia duka, anaangalia ngazi, anasema-sema peke yake. Sisi tunamucheka. Anasema, bibi yangu ataniuliza, mimi nitasema nini? Sasa iko wapi?"

Angeweza kumweleza. Angeweza kusema Mindra ni mimi, yule alikuwa Jada, mlikosea. Lakini mtu yule wa Kikuubo hakuwa na jina jingine, na huyu alikuwa amempenda kwa jina hilo.

"Mindra alikufa," akasema. "Mwezi wa tano. Mimi ni bibi yake."

Kalamu ilimponyoka Lemi. Aligeuka akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia aliyekuwa kwenye ngazi, na habari ikateremka kichochoroni mdomo kwa mdomo: Mindra amekufa, Mindra wa Koboko amekufa. Wachukuzi walitua mizigo. Mama wa betri alitoka dukani mikono kichwani. Hata mzee wa biskuti alikuja, akasimama mbele yake, akavua miwani. Mindra alisikia jina lake likitajwa na kuliliwa na watu asiowajua, na moyo wake ukajaa mpaka ukauma, kwa uchungu na kwa furaha pia.

Lemi aliokota kalamu. "Pole, mama. Na wewe, jina yako nani? Mimi naandika."

Alivuta pumzi.

"Jada," akasema.

Lemi aliliandika polepole kwenye gunia, herufi kubwa nne, kisha akampa mkono.

"Pole sana, Mama Jada."