Kisu cha Kuazimisha

Nina visu viwili, na kimoja ni cha majirani.

Ngojeni kwanza, msinihukumu.

Kile kizuri nilikichagua mwenyewe sokoni Kikuubo. Si ghali. Nilikipinda kikanyooka chenyewe, nikahakikisha chuma kimeingia mpaka mwisho wa mpini. Hicho nakificha ndani ya debe la unga.

Cha pili kina mpini mwekundu, kinang'aa kama cha harusi, na hakikati hata ndizi mbivu. Hicho ndicho cha kuazimisha.

Leo Mama Akello wa chumba cha pili, yule mke wa askari, kaja mbio.

"Jirani, saidia kisu. Mama mkwe amefika!"

Nikampa chekundu.

Halafu nikavuta kigoda mlangoni nitazame. Nyinyi mngeingia ndani?

Akasugua shingo ya kuku weee! Kuku akamponyoka, shingo nusu, akakimbia uani akirusha damu mpaka kwenye gauni la gomesi la mama mkwe.

"Kuku tu inakushinda?" mama mkwe akafoka. "Mutoto yangu alioa nini?"

Mimi nacheka ndani ya kanga.

Jioni Mama Akello karudi. Kisu kimeoshwa, na bakuli lina paja.

"Nimekinoa kwa jiwe, jirani. Mama aliuliza kisu mbovu hivi ni ya nani. Nikasema ni yangu, asikucheke."

Haya, nitukaneni.

Paja nimelila. Na kwa kuwa chekundu sasa kinakata, kesho narudi Kikuubo kutafuta kingine cha majirani.