Mama na Maneno ya Herufi Tatu

Mama alikuja kwangu Katesh akiwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Daktari alimwambia kwa wiki sita asiiname, asikae kwenye moshi, asishike jembe. Kwa mtu aliyelima miteremko ya Mbulu tangu utotoni, hicho kilikuwa kifungo. Siku ya tatu alianza kukunja upya nguo nilizokwisha kukunja.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kidato cha kwanza. Wengi wa wanafunzi wangu nyumbani wanaongea Kiiraqw au Kidatoga, Kiswahili wamekipata shuleni, halafu ghafla wanatakiwa kusoma kila somo kwa Kiingereza. Ili wasiogope, nilikata maboksi ya sabuni na kuandika herufi kubwa, moja kwenye kila kadi. Jioni moja nilikuwa nimezitandaza mezani, Mama akasogeza kiti.

"Hizi naziona," alisema.

Mama aliishia darasa la nne. Biblia anaisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kiingereza hakujua hata salamu. Nikampangia T, E, A.

"Te-a."

"Inasomwa tii, Mama. Ni chai."

Nikaihamisha T mwisho, ikawa EAT, kula. Akazitazama kadi kwa muda, kisha akazipanga mwenyewe: A, T, E. "Na hivi?"

"Hivyo ni alikula."

Alinitazama kama vile nilikuwa namficha kitu siku zote hizo. "Kadi tatu tu," alisema, "na mtu ameshakunywa chai na kula."

Tangu hapo sikupumzika. Nikitoka shuleni namkuta na maneno yamepangwa, ananisubiri nimwambie maana. Mengi hayakuwa maneno. OX aliipenda kwa sababu ng'ombe dume mzima ameenea kwenye herufi mbili. NOW, OWN na WON zilimkasirisha: herufi zilezile, moja ni sasa, nyingine ni kumiliki, nyingine ni kushinda. Nilipomwambia kwamba kwa Kiingereza Q karibu siku zote hufuatwa na U, alikataa katakata. "Kwetu inafuatwa na W. Andika Iraqw uone." Niliandika. Nilikuwa nimeliandika jina hilo mara ngapi kwenye fomu bila kuliangalia!

Wiki ya nne aliomba kwenda kuwaona hao wanafunzi. Darasa zima lilisimama. "Shikamoo bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Kaeni."

Akapanga kadi juu ya meza ya mbele: E, W, E. Kijana mmoja akasema, "Bibi, hicho ni Kiswahili. Ewe!"

"Ni kondoo jike," Mama akajibu. "Mwulize mwalimu wako." Nikakubali kwa kichwa, darasa likaanza kunong'ona. Akaondoa W, akaweka Y. "Na hii ndiyo iliyonileta mjini. E-ye."

Walicheka. Mimi nilisikia aibu kwa niaba yake, lakini yeye hakuwa na aibu yoyote. Alingoja wamalize.

"Chekeni. Halafu mniambie inasemwaje."

Mstari wa nyuma kulikuwa na binti kutoka Yaeda Chini, wa familia ya wafugaji, aliyepanga chumba karibu na shule. Tangu muhula uanze sikuwahi kusikia sauti yake kwenye somo langu. Nikimwuliza swali anasimama tu, anaangalia dawati mpaka nimwambie akae. Safari hii alisimama bila kuitwa.

"Inasemwa ai, bibi. Ni jicho."

"Ai? Kama mtu aliyechomwa na mwiba?"

Binti akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Mama akamwita mbele. "Njoo unifundishe nyingine. Mimi nimekosea mbele ya wote, na sijafa."

Alikuja. Alipanga CAT, akaigeuza ikawa ACT, akaeleza maana zote mbili kwa sauti ndogo, lakini hadi waliokaa madirishani walisikia. Nilisimama pembeni na chaki yangu. Miaka yote ya ualimu sikuwahi kufikiri kukosea mbele ya wanafunzi kwa makusudi, na Mama hata makusudi hakuwa nayo. Alikuwa hajui, akasema hajui, basi.

Muhula huo binti alianza kunyoosha mkono. Si kila siku, ila alianza.

Jicho lilipona. Mama alirudi Mbulu na kadi zake mwenyewe pamoja na kamusi kuukuu ya Kiingereza na Kiswahili niliyompa. Wakati wa mavuno nilikwenda kumsaidia, nikamkuta amekaa mkekani na jirani zake wawili, wanapukuchua mahindi, kadi zimepangwa kwenye ungo. Jirani mmoja alikuwa amepanga LAW.

"Sheria," nikasema, kabla sijaulizwa.

"Hiyo tunaijua," Mama alisema, akazihamisha. A, W, L. "Na hii?"

Nikamwambia hilo si neno. Akafungua kamusi mahali alipoweka ganda la hindi, akanielekeza kwa kidole: kifaa chenye ncha cha kutobolea ngozi. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akashusha kile cha kwake, chenye mpini uliong'aa kwa kushikwa, alichokuwa akishonea ngozi tangu sijazaliwa.

"Kinaitwaje tena kwa Kiingereza, mwalimu?"

Sikuwa na uhakika hata wa kulitamka neno lenyewe. Nilivua viatu, nikakaa mkekani.