Fomu za Njano za Dada Famasi

Mtaa mzima ulimwita Dada Famasi, na alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile ile kwa miaka kumi na minne. Aliingia kwa miezi sita tu, apate pa kujishikiza huku akitafuta kazi ya maana. Miezi sita ikazaa miezi sita mingine. Sasa aliweza kutambua kikohozi cha mtu kabla mwenyewe hajafika mlangoni, visigino vilimwaka moto kila ilipofika saa nane mchana, na shahada yake ya ufamasia aliitumia zaidi kumjibu anayesema, "Dada, nipe vile vidonge vyangu vya siku zile, vyeupe, vya duara." Vidonge vyeupe vya duara mle dukani vilikuwa aina mia moja na kitu.

Lakini kilichomchoma si kaunta. Kilichomchoma ni wenzake aliosoma nao.

Darasa lao lilikuwa na kundi kwenye simu, na kundi lile lilikuwa mateso ya kujitakia. Mmoja alikuwa kiwandani, akipima kama vidonge vinayeyuka kwa muda unaotakiwa, na alipenda kujipiga picha na miwani mikubwa ya plastiki utadhani anakwenda mwezini. Mwingine alizunguka wodini na madaktari kila asubuhi, na bingwa mzima humgeukia na kumuuliza, "Mfamasia, unasemaje kuhusu dozi hii?" Hilo alilisimulia kila wiki kana kwamba ndiyo kwanza ameulizwa. Yule aliyekuwa akisinzia kwenye kila kipindi, sasa alifundisha chuoni. Dada Famasi alisoma yote, akaandika "Hongera sana mpendwa" chini ya kila picha, kisha akamgombeza mtu wa watu aliyekuja kuulizia plasta.

Hao aliwamudu. Aliyemshinda ni Kasuku.

Kasuku walimpa jina hilo chuoni kwa sababu alikariri maneno ya mhadhiri mpaka na mafua yake. Walikaa meza moja maabara kwa miaka minne. Dada Famasi ndiye aliyekuwa na jicho. Rangi ikigeuka kidogo tu kwenye chupa, aliiona yeye, akaandika yeye, na Kasuku akanakili. Walikuwa mashoga wa kuazimana sketi. Sasa mwaka huu, mwezi wa pili, Kasuku huyo huyo akaajiriwa kwenye ofisi ya usalama wa dawa, katikati ya mji, ghorofa ya tano, ana meza yake, ana kiti cha kuzunguka, ana kitambulisho kinaning'inia shingoni. Dada Famasi alipoiona picha ile alishindwa kumaliza chai.

Hapa kuna jambo lazima lielezwe. Mtu akimeza dawa ikamletea balaa, mfamasia anatakiwa ajaze fomu ya njano: ni nani, dawa gani, toleo namba ngapi la kiwandani, na nini kilimpata. Fomu zinakwenda ofisi ile, zinasomwa, na zikionekana nyingi zinaimba wimbo mmoja, dawa inazuiwa. Wafamasia wengi wa madukani hawazijazi. Wanasema hawana nafasi, na kusema kweli hawana. Dada Famasi alizijaza. Hakuna aliyemtuma. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya wiki aliyojiona msomi: Ijumaa asubuhi, wateja hawajachangamka, anaketi juu ya katoni ya pamba na kuandika kwa mwandiko wake uliosimama wima, halafu anazituma. Kila mara, baada ya siku chache, ilikuja barua fupi ya shukrani.

Mwezi wa pili barua ikaja na sahihi mpya. Ya Kasuku. "Tunashukuru kwa taarifa yako makini. Endelea hivyo hivyo."

Endelea hivyo hivyo! Leo Kasuku ndiye wa kumwambia yeye aendelee? Roho ilimuuma hadi akasikia uchungu mdomoni. Aliona wazi mambo yatakavyokwenda: ataona yeye, ataandika yeye, halafu Kasuku atasimama mbele ya wakubwa na kupigiwa makofi. "Haki ya Mungu, hapati hata moja," akasema kwa sauti. Mteja aliyekuwa akingoja dawa ya minyoo alidhani anaambiwa yeye, akaondoka.

Tangu siku hiyo fomu alizijaza, maana mkono ulishazoea, ila hazikwenda popote. Alizisokomeza kwenye droo, chini ya bandeji.

Mwezi wa tano akaja mwalimu mmoja mstaafu, anatembea ameshika ukuta. Alikuwa ameanza kopo jipya la vidonge vya presha, kopo la kijani, na tangu hapo kila akiinuka dunia inazunguka. Siku nne baadaye akaja fundi viatu na hadithi ile ile. Kisha mama mmoja muuza mitumba. Dada Famasi aliwapima, akakuta presha zao zimeshuka mno, akatazama namba za toleo kwenye makopo yao: ilikuwa moja. Jicho lake halikuwa limezeeka hata kidogo. Aliwabadilishia dawa wote, akayaondoa makopo ya kijani kwenye rafu zake, akampigia simu kila aliyewahi kuchukua, akapata wengine wanne wenye kizunguzungu kile kile. Wateja wake wote wakasalimika, na fomu za kopo la kijani zikafika saba, zote ndani ya droo.

Alifikiria kuzipeleka. Kwa siku mbili nzima hakuwaza kingine. Kisha Kasuku akaweka picha kundini, yuko mkutanoni, chupa ya maji mbele yake na kibao chenye jina lake, na Dada Famasi akaisukuma droo kwa goti. Si wateja wake wamepona? Hao wengine wana wafamasia wao.

Mwezi wa nane ukatoka waraka: vidonge vya kopo la kijani, toleo lile, virudishwe mara moja, vilitengenezwa vikali kupita kiasi. Chini, sahihi ya Kasuku. Ungetegemea aone haya. Wapi! Alifurahi. Alikwenda na waraka hadi uani, ambako mumewe, fundi wa friji, alikuwa ameingiza kichwa ndani ya friji bovu la jirani.

"Miezi mitatu wamelala hawa," akasema. "Mimi nimeona tangu mwezi wa tano, na kaunta yangu hii hii na kipimo changu cha presha."

"Ukawaambia?"

"Wao ndio wanalipwa kujua."

Mume akachomoa kichwa, akamtazama. "Mama watoto, huyo Kasuku anakuja kula chakula chako hapa? Mbona unakonda hivyo?"

Mwezi wa kumi ofisi ile ikatangaza nafasi. Walitaka mfamasia wa pili, wa kusoma na kuchambua taarifa za madhara ya dawa. Dada Famasi alilisoma tangazo mara sita. Hakuna kazi aliyowahi kuitaka hivyo. Visigino vyake viliitaka, jicho lake liliitaka, na wivu wake ndio ulioitaka kuliko vyote: hakutamani tena Kasuku akikose kile kiti, alitaka cha kwake kando yake, na ikiwezekana kiwe kirefu zaidi. Mchana huo Kasuku akapiga simu.

"Shoga, umeliona tangazo? Omba bwana. Omba leo leo."

"Nitaangalia," akajibu kwa ubaridi. Huyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akawaza. Barua ya maombi alikuwa amekwisha kuituma.

Usaili ulikuwa Jumanne asubuhi. Alikuta watu watatu chumbani: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo mwenye sauti ya upole; mtakwimu wa ofisi, bwana mwenye miwani; na Kasuku, aliyeketi pembeni akiandika kumbukumbu, asiruhusiwe kuuliza kwa kuwa walifahamiana. Dada Famasi alikagua kila kitu. Zulia. Dirisha refu. Kiti cha Kasuku, cha kuzunguka, tena kina mto wa mgongo. Hata mto wa mgongo anao!

Maswali aliyajibu vizuri, vizuri hasa. Mtakwimu alikuwa akitabasamu. Kisha akafungua faili.

"Dada, duka lako lilikuwa likituletea taarifa kila wiki. Mwandiko wako tunaujua sote humu. Mwezi wa pili zikakoma. Kulikoni?"

"Malalamiko yalipungua."

"Hata ya kopo la kijani?"

"Hata hayo," akasema. Uongo ulitoka laini mpaka ukamshangaza mwenyewe.

Mtakwimu akamgeukia mwenyekiti. "Basi mwenzetu hakukosea kumwamini," akasema, akimwelekezea Kasuku kalamu.

Mwenyekiti akaeleza, kwa wema kabisa, kama mtu anayetoa sifa. Mwezi wa sita walikuwa na taarifa mbili tu, zote kutoka mbali. Wapo waliotaka dawa izuiwe hapo hapo. Kasuku ndiye aliyesema wangoje. Alisema kuna mfamasia mmoja aliyesoma naye ambaye kitu hakimpiti, na anauza dawa hiyo kila siku. Kama yeye hajaandika, basi hakuna kitu.

"Tukamsikiliza," mwenyekiti akasema. "Tulipokuja kuizuia mwezi wa nane, watu ishirini na watatu walikuwa wameanguka. Wanne walivunjika nyonga. Bibi mmoja alianguka bafuni, hakuinuka tena. Mwenzetu huyu amejilaumu mpaka tukamwogopea. Angalau sasa amesikia mwenyewe kwamba kwako kulikuwa kimya kweli."

Kasuku hakuinua uso. Mashavu yalikuwa yamembonyea, na kola ya blauzi ilimpwaya shingoni. Dada Famasi alikuwa amekagua zulia, dirisha na kiti, asimwangalie mtu aliyeketi juu yake.

Miaka yote ile alitamani mtu wa ofisi yenye zulia aseme kwamba yeye kitu hakimpiti. Kumbe alikuwa amesifiwa hivyo hivyo, mbele ya wakubwa, na mtu aliyemwamini kuliko karatasi mbili zilizokuwa mezani.

Mwenyekiti akafunga faili. "Kwa upande wangu nimeridhika. Una la kuuliza, dada?"

Angenyamaza tu, kazi ilikuwa yake. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

"Ninazo saba," akasema.

"Saba nini?"

"Fomu. Za kopo la kijani. Nilizijaza zote, ziko dukani kwenye droo."

Mtakwimu akavua miwani. "Na hukuzituma kwa nini?"

Angeweza kusingizia posta. Angeweza kusingizia wingi wa wateja, na wangemwonea huruma. Alimtazama Kasuku, aliyekuwa sasa ameinua uso.

"Kwa sababu yeye ndiye angezisoma," akasema. "Nilimwonea wivu."

Nje mtu alipita koridoni akicheka kwenye simu, mlango mmoja ukafungwa.

"Andika hivyo hivyo alivyosema," mwenyekiti akamwambia Kasuku.

Kasuku alishika kalamu lakini hakuandika. "Ya kwanza ni ya lini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mwezi wa tano. Tarehe kumi na mbili."

"Yule bibi alianguka mwezi wa saba," Kasuku akasema, kisha akaandika.